Kabla Hujasema "Hayo Si Maisha"

Kama kuna ndugu au jirani yenu ambaye yuko kwenye mashine ya kusafisha damu, na mmepanga Jumapili mwende kumjulia hali, ninalo ombi moja kabla hatujaingia kwenye mazungumzo yenyewe. Madafu yaacheni. Na ndizi. Na lile boksi la juisi ya embe pia. Najua ndivyo tulivyolelewa, mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Lakini figo zikishashindwa kazi, potasiamu iliyojaa kwenye dafu haina pa kutokea. Inabaki kwenye damu, na ikizidi inaweza kuusimamisha moyo. Mgonjwa mwenyewe analijua hilo vizuri. Atayapokea madafu kwa adabu, atashukuru, na nyinyi mkishaondoka watayanywa watoto wa jirani.

Ila sikuja hapa leo kwa ajili ya madafu. Nimekuja kwa ajili ya ile kauli inayosemwa mlangoni, wageni wakiwa wanavaa viatu. Sauti inashushwa, kichwa kinatikiswa: "Maskini, baba wa watu. Jamani, hayo si maisha." Tumekaa sebuleni muda wa kikombe kimoja cha chai, na tayari maisha ya mtu tumeshayapima na hukumu tumeshaitoa. Nataka tuizungumze hukumu hiyo. Maradhi ya kudumu ni mengi, kuna kisukari, kuna presha, kuna sikoseli, kuna Ukimwi, na kila moja lina mambo yake. Mimi leo nitabaki kwenye figo, kwa sababu sijaona ugonjwa mwingine ambao anachokiona mgeni na anachokiishi mgonjwa vimeachana kwa umbali mkubwa kiasi hiki.

Kwa asiyefahamu, kazi yenyewe iko hivi. Damu inatolewa mkononi kwa mrija, inapita kwenye kichujio, inarudishwa mwilini. Kila mara inachukua kama saa nne, na utaratibu uliozoeleka duniani ni mara tatu kwa wiki, wiki zote, mpaka upandikizwe figo au umri ukome. Siku za katikati, maji uliyokunywa yanakaa mwilini. Kwa hiyo yule ambaye mkojo umekauka anapangiwa maji ya siku nzima, mara nyingi hayafiki hata lita moja, na chai inahesabiwa humo, na uji, na mchuzi. Hebu fikirieni kipimo hicho katika joto la Dar es Salaam mwezi wa Januari. Wengi hufyonza kipande cha barafu ili kulidanganya koo. Viazi vinachemshwa, maji yanamwagwa, vinachemshwa tena, kuipunguza potasiamu ile ile tuliyoitaja kwenye madafu.

Na mambo haya ya watu wengine kukaa na kupima maisha ya mgonjwa wa figo hayakuanza jana. Mashine ya kwanza iliyofanya kazi aliiunda daktari Mholanzi, Willem Kolff, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lakini ilifaa kwa dharura tu, kwa kuwa kila safari ilibidi mshipa mwingine utobolewe na kuharibiwa. Mwaka 1960, mjini Seattle, Marekani, daktari Belding Scribner akabuni mrija unaoachwa mkononi, damu ikawa inaweza kusafishwa tena na tena. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, ambaye alikuwa anakata roho, aliishi miaka 11 zaidi. Mashine zilikuwa chache, wahitaji wengi. Ikaundwa kamati ya watu saba: mchungaji, mwanasheria, mfanyabiashara wa benki, mama wa nyumbani na wengine, waamue nani apewe kiti na nani akafe. Walitazama kama mtu ana mke na watoto, ana kazi gani, ana kipato gani, anakwenda kanisani au haendi. Jarida la Life lilipoiandika habari hiyo mwaka 1962, watu walishtuka. Mimi nikiisoma leo sishtuki sana. Naiona kamati hiyo hiyo kila Jumapili pale mlangoni, inavaa viatu.

Madaktari nao walikuwa na vipimo vyao. Mwishoni mwa miaka ya 1940, David Karnofsky na wenzake huko New York walitengeneza ngazi ya kuanzia 100 kushuka hadi sifuri. Mia ni mzima asiye na dalili yoyote, sifuri ni maiti. Sabini ni mtu anayejihudumia mwenyewe ila hawezi kufanya kazi. Ngazi hiyo inatumika mpaka leo, na ina faida yake, maana daktari akiangalia namba anajua kama mwili utahimili dawa kali. Lakini anayeijaza ni daktari. Mgonjwa haulizwi neno.

Baadaye yakaja madodoso ambayo mgonjwa anayajaza mwenyewe. Mojawapo linalotumika sana duniani linauliza mambo matano tu: unatembeaje, unajihudumiaje, shughuli zako za kila siku zinakwendaje, una maumivu kiasi gani, una wasiwasi au huzuni kiasi gani. Hapo tumepiga hatua, mgonjwa kaulizwa. Lakini sikilizeni kinachofuata, maana hapa ndipo ninapogombana nalo. Majibu hayo yakishakusanywa, yanabadilishwa kuwa namba moja ambayo wapanga bajeti wanaitumia kuamua tiba ipi inastahili fedha. Na uzito wa kila jibu, yaani kutoweza kutembea ni hasara kiasi gani, maumivu ni hasara kiasi gani, kwa kawaida hutokana na kuwauliza wananchi kwa jumla, ambao wengi wao ni wazima. Wanaambiwa: jione wewe ndiye uko hivi kwa miaka kumi, ungekubali kupunguza mingapi ili uwe mzima? Kwa njia hiyo kuna hali ambazo zimepewa namba iliyo chini ya sifuri, maana yake kufa ni afadhali, na wengi wa waliozipa namba hiyo hawajawahi kuwa kwenye hali hizo hata siku moja.

Je, mzima akijikisia hivyo anapatia? Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Jason Riis na wenzake, walichapisha utafiti ninaoupenda kwa sababu ya ujanja wake. Waliwachukua wagonjwa 49 wanaosafishwa damu, na watu 49 wenye afya wanaolingana nao kwa umri, jinsia na elimu. Kila mmoja akapewa kompyuta ndogo ya mkononi akae nayo wiki nzima. Wakati wowote, bila taarifa, inalia: sasa hivi unajisikiaje? Mtu yuko jikoni, inalia. Yuko kwenye basi, inalia. Hapakuwa na nafasi ya kujikusanya na kutoa jibu la kishujaa. Wiki ilipokwisha, ikaonekana kwamba wagonjwa, kwa sehemu kubwa ya saa zao, walikuwa na moyo mkunjufu sawa na wale wazima. Wazima walipotakiwa wakisie wangejisikiaje kama wangekuwa kwenye mashine, walichora giza tupu. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba hata wagonjwa wenyewe walidhani kwamba kama wasingeugua wangekuwa na furaha nyingi kuliko ile ambayo wale wazima walikuwa nayo kweli.

Ukifikiri, si ajabu sana. Mzima akiambiwa "mashine" anaona sindano na damu kwenye mirija, basi. Haoni kwamba baada ya hapo mtu anarudi nyumbani, anamgombeza mjukuu, anabishana habari za Simba na Yanga, anasikiliza redio, anapiga umbeya na jirani kupitia uani. Wiki ina saa 168. Mashine inakula kumi na mbili, ukiongeza foleni na safari labda ishirini. Zilizobaki ni za kwake, na mgeni wa Jumapili hazijui.

Sasa, wagonjwa wakiachiwa kusema wenyewe, husema nini? Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya kura ya kimataifa iliyoratibiwa na watafiti wa Sydney, Australia. Watu 1,181 kutoka nchi 73 walipanga mambo ambayo tafiti za usafishaji damu zinapaswa kuyapima kwanza. Kati yao 220 walikuwa wagonjwa na wanaowauguza, waliobaki wahudumu wa afya. Yapo waliyokubaliana: uchovu, matatizo ya mshipa wa kuchomea, moyo, kifo. Lakini wahudumu waliweka uzito zaidi kwenye vifo na kulazwa hospitali, na wagonjwa wakaweka uzito zaidi kwenye mambo ambayo madaktari wengi hawayaandiki hata kwenye faili: kuweza kusafiri, kuwa na muda usio wa mashine, na ule unyonge unaokupata ukishachomolewa sindano, mwili umekuwa kama nguo iliyokamuliwa.

Kuweza kusafiri! Mtu wa Ulaya akilitaja hilo huenda anafikiria ufukwe na likizo. Letu ni zito zaidi. Mchukueni mzaliwa wa Songea anayeishi Dar es Salaam na anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumanne saa tano usiku simu inaita, kaka yake mkubwa amefariki. Mazishi Alhamisi, kijijini. Njia ni ndefu, na Jumatano ana kiti chake hospitalini. Akikosa Jumatano, maji yanapanda kifuani. Akienda akatafute kiti kwingine, kiti cha mgeni hakipatikani kwa kubisha hodi tu: wanataka majibu ya vipimo vya homa ya ini na virusi vya Ukimwi, wanataka barua ya hospitali anakotoka, wanataka uthibitisho wa bima, na nafasi yenyewe iwepo. Kwa hiyo Alhamisi udongo unatupwa kaburini bila yeye. Ukoo unaelewa, au unasema unaelewa. Yeye amekaa Dar, damu safi, presha nzuri, uzito sawasawa, karatasi zake zote zinapendeza. Mpeni lile dodoso la mambo matano ajaze siku hiyo, atasema anatembea, anajihudumia, hana maumivu. Huzuni ataiweka alama ya kati. Kaburi la kaka yake halina kisanduku humo.

Ndiyo maana nasema mambo ya ratiba, ambayo kwa mtazamaji ni mambo ya ofisini, kwa mgonjwa ndiyo maisha yenyewe. Zamu ya alfajiri inamwachia fundi cherehani mchana wa kushona, zamu ya saa sita inamfungia duka. Mwalimu akipewa zamu ya jioni anabaki kuwa mwalimu, akipewa ya asubuhi anakuwa mgonjwa. Gharama ya kubadilisha zamu ni kalamu na sista mwenye subira.

Lipo jingine ambalo vipimo vya kigeni havilishiki vizuri, nalo ni fedha ya ndugu. Huku kwetu mgonjwa haugui peke yake, anaugua na viwanja, na ng'ombe, na ada za wadogo zake. Wapo walioacha mashine huku bado wanataka kuishi, kwa sababu hawakuweza tena kutazama jinsi shule ya mtoto inavyoliwa na mirija ile. Ukimuuliza mtu kama huyo kuhusu maumivu, atakwambia yanavumilika. Hoja yake ni kwamba amekuwa mzigo, na mtu aliyezoea kuchangia misiba ya wenzake anaumia kuwa yeye ndiye anayechangiwa kila mwezi. Nimewaona wanaume wazima wakikataa kukaa kwenye kikao cha ukoo kwa sababu hiyo tu.

Na tusidhani ni maoni yangu mimi tu kwamba maumivu ya mwili si ya kwanza. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 285 wa Uganda na Afrika Kusini, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi na wengine na saratani, wote wakihudumiwa na wauguzi wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso. Walipoulizwa lipi ni la maana zaidi kwao, kuwa na amani moyoni na kuona kwamba maisha yao yana maana vilitangulia mbele ya kuwa na nguvu za kujishughulisha, na hata mbele ya mwili kukosa maumivu. Hapa Pwani ningeweza kuongeza kwamba wapo Waislamu ambao Ramadhani inawauma kuliko sindano. Dini imewapa ruhusa ya kutofunga, hilo wanalijua, na futari wanaandaliwa. Lakini adhana ya magharibi inapowakuta wameshakula mchana, wanajiona kama wageni katika nyumba zao.

Hapa lazima niweke breki, maana hoja hii ina mlango wa nyuma na kuna watu watapita hapo. Watasema: kumbe wagonjwa wamezoea, wana furaha, basi tuwaache kama walivyo, fedha zipelekwe kwingine. Hapana. Baadhi ya watafiti wale wa kundi la Riis waliwauliza watu wanaoishi na mfuko wa choo uliofungwa tumboni. Furaha yao haikupishana na ya watu waliokwisha kuondolewa mfuko huo. Lakini walipoulizwa kama wangekubali kutoa sehemu ya umri wao ili wauondoe, walikubali. Mtu anaweza kucheka leo mchana na bado akawa anautaka mwili wake wa zamani kuliko kitu chochote. Moyo hujifunza kukaa na kilichopo, na hiyo ni sifa ya moyo. Mfuko wa bima usijitwalie sifa hiyo.

Kenya, kwa mfano, mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, ulikuwa unalipia kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mara ya tatu ilibidi uitafute mwenyewe. Kwa wengi ilimaanisha hakuna ya tatu, na nafasi kati ya mashine na mashine ikarefuka, maji yakajaa, usingizi ukawa wa kukaa na mito mitatu mgongoni. Waliozoea hali hiyo walikuwapo pia. Ukiwauliza walisema "tunashukuru Mungu", na nisingependa afisa yeyote aichukue shukrani hiyo akaiandika kwenye ripoti kuwa huduma inatosheleza. Kwa sababu hiyo hiyo nafurahia kwamba huku Tanzania Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka uliofuata. Anayetaka mwili wake wa zamani ana haki ya kuutaka, hata kama leo mchana alicheka.

Jibu la mgonjwa akiulizwa kama hayo ni maisha pia halikai mahali pamoja. Mwezi wa kwanza wengi wanasema bora kufa, na huo ni mwezi wa kutoamini maneno yao kupita kiasi, wala ya ndugu. Ukirudi mwaka unaofuata, mtu yule yule anapanga harusi ya binti yake. Ukirudi tena baada ya miaka, mwingine amechoka kweli, mishipa imeisha, moyo umelegea, na anasema kwa utulivu kwamba anataka kupumzika. Hapo ndipo sisi ndugu tunapokuwa wabaya kuliko kamati ya Seattle. Tunaitisha kikao, anakuja mjomba, anakuja shemeji aliyeko Mwanza kwa simu, kila mmoja anasema lake, daktari anaombwa asimwambie mgonjwa ukweli asije akavunjika moyo. Mwenye maisha yupo chumba cha pili, anasikia kila kitu, hajaitwa. Kwa maoni yangu hakuna dharau kubwa kuliko hiyo, na tunaiita upendo.

Kumwuliza mwenyewe kunawezekana. Huko Dublin, Ireland, profesa Ciaran O'Boyle na wenzake walibuni njia ambayo haina kisanduku hata kimoja kilichoandikwa tayari. Wanamwambia mgonjwa: nitajie mambo matano ambayo kwako ndiyo yanayafanya maisha kuwa mazuri au mabaya. Akishataja, anasema kila moja linakwendaje sasa. Kisha anagawa uzito, lipi kubwa, lipi dogo. Mambo hayo anayachagua yeye mwenyewe. Afya inaweza isiwemo kabisa kwenye orodha, na hilo halihesabiwi kuwa kosa.

Haihitaji profesa. Leo jioni wapo kati yenu watakaokuwa na mgonjwa wao sebuleni. Mwulizeni mambo yake matano, kisha nyamazeni, kazi ngumu ni hiyo ya kunyamaza. Kuna atakayetaja swala. Kuna atakayetaja kupanda daladala peke yake bila kusindikizwa na mtoto, au kulala chumba kimoja na mkewe kama zamani, maana hilo nalo ugonjwa unalichukua na hakuna anayethubutu kuliuliza. Na akikwambia la kwanza ni kufika kwenye arobaini ya mama yake huko Lushoto mwezi ujao, chukua kalamu uandike: kituo gani cha mashine kiko karibu na Lushoto, namba yao ya simu, vipimo gani wanavitaka, na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi.